Makabati Nane ya Doña Eduviges

Doña Eduviges Colque alikuwa na tabia ya kusoma kila waraka mara tatu: mara ya kwanza kwa ajili ya kilichoandikwa, mara ya pili kwa ajili ya kilichoachwa, na mara ya tatu kwa ajili ya sahihi, maana alikuwa akisema mtu anayesaini kwa haraka ana jambo lake. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza kadi wa Idara ya Jiolojia katika chuo kikuu cha Kolpani, na katika miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyopita mezani pake bila kupekuliwa namna hiyo, hata ile ya kutangaza siku ya kutega sumu ya panya.

Kadi zenyewe zilikuwa hivi. Kila mwanafunzi aliyewahi kuingia Jiolojia alikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, na juu yake masomo yote na alama zote, kwa mkono, kwa wino mweusi, na nyekundu pale alipoanguka. Kompyuta zilikuja, zikaharibika, zikaja nyingine. Lakini mtu akitaka nakala ya alama zake akaombe kazi kwenye machimbo ya Chile, kilichoaminika ni kadi. Zilikuwa kadi elfu nne na mia nane na ushee, ndani ya makabati manane ya chuma, ya kijani, yenye mikono mizito kama ya mlango wa jela.

Wala hazikupangwa kwa majina ya watu. Kule, darasa linapomaliza masomo hujichagulia baba wa kulisimamia, mwalimu au mtu mzito wa mjini, na darasa hubeba jina lake maisha yote, kama mtoto anavyobeba la babaye. Aliyemtangulia doña Eduviges alizipanga kadi kwa majina ya hao baba, na yeye akaendeleza. Mtu akifika dirishani na kusema, "Mimi ni wa mwaka themanini na tisa," doña humwuliza, "Baba yenu nani?" maana mwaka themanini na tisa ulikuwa na madarasa matatu kwa sababu ya migomo. Ambao hawajamaliza bado walikaa droo za chini, na yeye aliwaita mayatima. Mpangilio huo haukuandikwa popote. Ulikuwa kichwani mwake, chini ya kile kikofia chake cha sufu ambacho hakukivua hata ofisini, kwa ajili ya upepo.

Basi mwezi wa nane ukaja waraka kwamba Idara ya Jiolojia na Idara ya Madini zinaunganishwa, ziwe ndaki moja mpya, Ndaki ya Sayansi za Ardhi, yenye jengo jipya na mkuu mmoja. Katika aya ya pili uliandikwa kwamba hakuna mfanyakazi atakayepoteza kazi. Katika aya ya tano yakaandikwa tena maneno yaleyale.

Doña Eduviges alichukua penseli nyekundu akapiga mstari chini ya yote mawili.

"Ingekuwa kweli," alimwambia mdogo wake Primitiva jioni ile, wakinywa supu ya shayiri, "wangesema mara moja tu."

"Labda aliyeandika alisahau kwamba ameshasema."

"Mtu hasahau kitu kama hicho, Primi."

Baada ya wiki mbili ukabandikwa ukutani mchoro wa ndaki mpya, vijumba vingi vimeunganishwa kwa mistari, kila kijumba na cheo chake. Watu walisongamana pale kama wanatazama matokeo ya mtihani. Doña Eduviges alingoja mpaka wote wameondoka, akavaa miwani, akatafuta. Chini kabisa kulia akaona: *Mtunza Kadi*, na pembeni yake namba moja.

Kiti kimoja, na watunza kadi walikuwa wawili. Ng'ambo ya uwanja, Idara ya Madini ilikuwa na wake, doña Nemesia Ayaviri, mjane wa mchimbaji, mwanamke mnene wa sauti kubwa aliyecheka kabla hujamaliza kusema. Doña Eduviges alibakiza miaka isiyofika mitatu afike kwenye pensheni kamili. Akitolewa kabla, angetoka na kipande.

Ni vizuri kusema kwamba idara zile mbili hazikupendana hata siku moja. Watu wa Madini waliwaita wa Jiolojia watalii wa mawe. Wa Jiolojia waliwaita wa Madini fuko. Mpira wao wa kila mwaka uliishia zahanati. Na sasa mtu aliyewekwa kuzileta pamoja, mratibu wa mpito kama walivyomwita, alikuwa Injinia Rolando Tarqui, fuko wa kuzaliwa, mrefu, mtaratibu, mwenye tepu ya kupimia mfukoni na faili kwapani. Hakupandisha sauti, hakusahau jina la mtu. Upole wake ndio ulimnyima doña Eduviges raha.

Siku moja ya mwezi wa kumi akaingia, akapiga magoti mbele ya makabati, akaanza kupima.

"Samahani, doña Edu. Napima tu."

"Pima, Injinia. Na mimi unipime? Mita moja na nusu, pamoja na viatu."

Akacheka. "Ni kwa ajili ya milango ya jengo jipya, mama."

"Haya yaliingia humu wewe hujazaliwa, na mlango haukulalamika."

"Na ile orodha, doña? Mpangilio wa kadi zako. Ukiiandika, tutaona."

"Tutaona nini?"

"Tutaona namna ya kupanga mambo," alisema, akaizungusha tepu yake, akaaga.

Alipotoka, doña Eduviges akafungua daftari dogo alilokuwa akiweka mambo yasiyomkaa sawa. Akaandika tarehe, tisa Oktoba, na chini yake: *Amepima makabati. Anasema tutaona.* Orodha hakuandika. Injinia alipouliza wiki iliyofuata, alijibu kwamba wino umeisha. Alipoletewa wino, akasema mkono unamuuma. Alikuwa ameshapiga hesabu yake: siku orodha itakapotoka kichwani mwake na kulala kwenye karatasi, siku hiyohiyo yeye atakuwa hana kazi.

Halafu ukaja ule mkate. Sikukuu ya wafu, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, watu wa kule huoka mikate ya umbo la mtu, kila mmoja na uso wake mdogo wa rangi, na huwawekea marehemu mezani ili wakija wakute chakula. Asubuhi moja doña Nemesia akavuka uwanja, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akaleta mmoja umefungwa kwa kitambaa.

"Nimeoka mingi, doña Eduviges. Huu ni wa mama yako, nasikia alikuwa mtu mwema."

Alipoondoka, doña Eduviges akaufunua. Ulikuwa mwanamke mfupi, mwenye kofia. Akauangalia mbele, akaugeuza nyuma. Kisha akamwita don Fermín, mlinzi wa lango ambaye pia alisafisha vyoo.

"Huyu anafanana na nani?"

Don Fermín akautazama. "Na mkate."

"Ana kofia, Fermín. Mama yangu hakuvaa kofia maisha yake yote. Anayevaa kofia ni mimi. Na mkate huu ni wa wafu."

"Doña, zile sura zinauzwa sokoni kwa dazeni. Za plasta. Unachomeka tu."

"Basi kwa nini achomeke ya kofia?"

Don Fermín akaomba apewe mkate. Akaula wote na chai, na kesho yake alikuja kazini mzima. Hilo nalo halikumwondolea doña Eduviges mashaka, maana uso ule haukuwa wa don Fermín.

Mwezi wa kwanza wakahamia jengo jipya, upande wa juu wa chuo, ambako upepo wa nyanda za juu hugonga mabati mchana kutwa. Makabati manane ya kijani yakawekwa ukuta huu, na sita ya kijivu ya Madini ukuta ule, na wanawake wawili katikati, meza kwa meza. Walisalimiana asubuhi na kuagana jioni. Kati ya hapo kila mmoja alifungua droo zake kwa kuziba na mgongo, mwingine asione mkono unaelekea wapi. Doña Eduviges aliona kwamba Nemesia naye hana orodha, anavuta kadi bila kutazama popote. Aliona pia kwamba Injinia Tarqui anapopita humwinamia Nemesia na kumwambia jambo kwa sauti ndogo. Akaandika kwenye daftari.

Ikafika Ijumaa ya Karnivali. Siku hiyo katika nchi ile hakuna ofisi inayofanya kazi. Ofisi hunyweshwa. Huwashwa makaa, huchomwa ubani na mafuta ya llama na peremende kwa ajili ya Pachamama, mama ardhi. Pombe humwagiwa pembe nne za chumba. Meza, mashine, viti, kila kitu kinachosaidia mtu kupata riziki hufungwa tepe za karatasi za rangi na kunyunyiziwa vipunje vya karatasi, kiukaribishe mwaka na kiumalize salama. Kitu kisichonyweshwa hakitazamiwi kumaliza mwaka. Kule Jiolojia mkuu wa idara mwenyewe, kofia mkononi, alianza na makabati ya kadi kabla ya kitu kingine chochote. "Humu wamelala watoto wetu," alikuwa akisema, na doña Eduviges alisimama nyuma yake na chupa kama msaidizi wa padri.

Mwaka huo alichelewa. Alikuwa na miadi zahanati, kwa ajili ya presha, na foleni ilikuwa ndefu. Alipofika saa tano, muziki ulikuwa umekolea, watu wana vipunje kwenye nywele na bilauri mikononi. Wa Madini na wa Jiolojia walikuwa wakicheza pamoja, na jambo hilo peke yake lilimtosha kushtuka.

"Doña Edu! Tulikungoja!" Mtu akammwagia konzi ya vipunje juu ya kofia.

Akaingia chumba cha kadi. Meza ya Nemesia ilikuwa imezungushwa tepe za njano na nyekundu. Makabati sita ya kijivu yaling'aa kama maharusi. Kompyuta ilikuwa na tepe, mashine ya kunakili ilikuwa na tepe. Njiani hata mlango wa choo ulikuwa na maputo mawili.

Makabati yake manane yalikuwa matupu. Hakuna utepe, hakuna tone, hakuna hata kipunje kimoja kilichopotea njia kikaangukia pale.

Hakulia. Aliyahesabu, moja mpaka nane. Basi hivi ndivyo walivyosema bila kusema. Baada ya nyaraka zote, na mikutano yote, na kuitwa doña Edu kwa sauti laini, jibu lilikuwa hapa, kijani kitupu. Mwaka huu kadi zake hazivuki, na yeye havuki nazo.

Akatoka mpaka langoni.

"Don Fermín, nipe mnyororo wa lango."

"Na lango nilifunge na nini?"

"Nani ataiba chuo siku ya Karnivali? Wezi wote wanacheza."

Don Fermín alikuwa ameshakunywa mbili tatu, akaona maneno yana akili. Doña Eduviges akarudi na mnyororo mabegani kama mtu anayerudi na kuni, akaupitisha kwenye mikono ya makabati yote manane, moja baada ya jingine, akaukaza, akapiga kufuli. Ufunguo akautia kifuani. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yake, kofia kichwani, mkoba mapajani.

Nemesia ndiye aliyemkuta. Aliingia na bilauri mbili, mashavu mekundu.

"Umefunga nini, doña?"

"Changu."

"Sasa utayanyweshaje, na mnyororo?"

"Mnanikejeli tena? Mmenywesha mpaka choo, Nemesia. Mimi si mtoto. Kama kiti mmeshakipata, niambieni kwa mdomo, msiniambie kwa karatasi za rangi."

Nemesia akaweka bilauri chini. Hakucheka, na doña Eduviges hakuwa amewahi kumwona hajacheka.

"Kule kwenu," aliuliza polepole, "nani alikuwa anakunyweshea?"

"Mkuu wa idara."

"Mkuu? Kwa mkono wake? Juu ya kadi zako wewe?"

"Miaka thelathini na moja."

Nemesia akafanya ishara ya msalaba. "Ndiyo maana hamjawahi kutufunga mpira."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi, mama. Nisikilize." Akavuta kiti na yeye. "Marehemu mume wangu alikuwa na mahali pake kule chini. Kila mchimbaji ana pake, na Ijumaa kila mmoja humpa Tio, shetani wa mgodini, mwenye pembe, mwenye mali, majani yake ya koka na sigara yake, na hunyunyiza pake mwenyewe. Akaja mgeni mmoja, mwema tu, akanyunyiza mahali pa mume wangu akidhani anamsaidia. Mwezi ule mgeni akagonga mshipa wa bati, na mume wangu akagonga maji. Walipigana kwa sepetu. Madini hakuna anayegusa cha mwenziwe. Anayemwaga ndiye anayechukua bahati. Injinia Tarqui alikuwa ameshainua chupa aanze na yako, mimi nikamshika mkono. Nikamwambia, 'Ukigusa za doña Edu, atasema unamnyang'anya kazi.'"

Doña Eduviges akageukia mlango.

"Na choo nani alikinywesha, kama kila mtu na chake?"

"Don Fermín. Anasema ni chake, yeye ndiye anayekisugua."

"Na mimi sikuachiwa kitu."

"Mfuko wako uko pale juu toka saa tatu."

Kweli, juu ya kabati la tatu kulikuwa na mfuko wa plastiki. Alipoingia aliuona, akadhani ni takataka ambazo Madini wameona makabati yake ndiyo mahali pa kuzitupia. Nemesia akaushusha. Ndani mlikuwa na tepe za rangi zote, vipunje, chupa ya pombe na kifurushi cha koka. Doña Eduviges akautazama mfuko, akamtazama Nemesia, akautazama mfuko tena. Ulikuwa mkubwa kuliko fungu la mtu mwingine yeyote. Hilo nalo halikumkaa sawa, lakini akautoa ufunguo kifuani.

Aliyanywesha mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani. Kabati la kwanza alilimwagia matone mawili tu. Mkono ulipofika la nne ulikuwa umezoea, na la nane alilimwagia kidogo zaidi, kwa ajili ya mayatima. Nemesia alikaa mbali, hakusaidia hata kushika utepe.

Alipomaliza, wakatafuna koka. Kisha Nemesia akauliza, "Wewe umeshaandika orodha?"

Doña Eduviges akaacha kutafuna. Kumbe ni hili. Mfuko, na hadithi ya mume, na kukaa mbali kwa heshima, vyote vilikuwa njia ya kufikia hapa.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mimi sijaandika. Zangu zimepangwa kwa mgodi ambao mwanafunzi alishukia mara ya kwanza. Nusu ya migodi hiyo imefungwa, hakuna anayeikumbuka ila mimi. Injinia kaniambia niandike, halafu tutaona."

"Kakwambia nini?"

"Tutaona."

Doña Eduviges akafungua mkoba, akatoa daftari, akalifungua kwenye tarehe tisa Oktoba, akamsukumia. Nemesia akasoma akifuatisha kwa kidole.

"Tisa Oktoba," alisema. "Mimi aliniambia tarehe hiyohiyo. Alitoka kwangu akaja kwako."

"Na yale anayokunong'oneza?"

"Ananiuliza nimefika droo ya ngapi. Nilidhani wewe umeshamaliza, ndiyo maana unaringa."

"Mimi naringa?"

"Unaringa, doña. Unavuta droo kama malkia."

Sikukuu zilipokwisha, Alhamisi, wakaingia pamoja ofisini kwa Injinia Tarqui bila kubisha hodi. Alipowaona bega kwa bega akainuka, kama mtu aliyeona ng'ombe wa mazizi mawili wamekuja kisimani bila mchungaji.

"Nani anabaki?" doña Eduviges akauliza.

Injinia akaketi, akapangusa miwani. "Kiti ni kimoja. Baraza la chuo limepitisha, mimi sikuuchora ule mchoro. Niliomba viwili wakakataa."

"Hatukuuliza vingapi. Tumeuliza nani."

"Atakayemaliza orodha kwanza," akasema. "Niliona hiyo ndiyo haki. Asiseme mtu nimependelea Madini."

"Na kwa nini hukusema?" Sauti ya Nemesia ilijaa chumba.

"Ningesema mngegombana."

"Umetuweka kwenye mbio, Injinia," doña Eduviges akasema, "na hukutuambia kwamba tunakimbia. Sasa nakwambia mimi: tutamaliza siku moja, saa moja."

Ndivyo walivyofanya. Wakanunua daftari moja kubwa, wakaandika orodha zote mbili ndani yake, mstari wa baba wa darasa, mstari wa mgodi, mwandiko huu, mwandiko ule, hata mtu asingeweza kung'oa kazi ya mmoja bila kuchana ya mwingine. Iliwachukua wiki saba. Lakini msidhani walikuwa wameshakuwa ndugu. Jumatatu na Jumatano daftari lilikwenda kwa doña Eduviges, Jumanne na Alhamisi kwa Nemesia, na kutoka Ijumaa mpaka Jumapili lililala kwa don Fermín ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kila mwanamke. Kila liliporudi mikononi mwake doña Eduviges alihesabu kurasa. Siku moja alikuta ukurasa mmoja umekunjwa pembe, hakulala vizuri. Kesho yake Nemesia akamwambia ni mjukuu wake, na doña Eduviges akasema si kitu, akaandika tarehe.

Zilipobaki kurasa mbili, Nemesia akaweka kalamu chini.

"Wewe una miaka miwili. Mimi nina kumi na moja."

"Najua. Nilishahesabu."

"Chumba cha ramani hakina mtu tangu don Aniceto, mtunza ramani, afe. Hakuna anayekitaka, vumbi tupu. Mimi niende huko. Wewe kaa hapa mpaka siku yako. Siku hiyo kiti kinakuja kwangu, bila matangazo, bila mahojiano, bila mjomba wa mtu."

Doña Eduviges akamtazama kwa muda mrefu. Alitafuta ndoano ndani ya chambo hicho. Aliitafuta usoni mwa mwenziwe, mikononi, hata kwenye namna alivyoweka kalamu.

"Unataka nini, Nemesia?"

"Nataka uandike. Kwa mkono wako, na Injinia asaini, na mhuri wa Baraza. Nikukubalie kwa mdomo, halafu baada ya miaka miwili waniambie wewe hukuwa na ruhusa ya kuahidi? Sikuamini hata kidogo, doña."

Hapo ndipo doña Eduviges alipopumua. Mtu wa kumwamini bure, yeye angemwogopa. Huyu alitaka mhuri.

Wakaandika barua moja, wakaibeba pamoja na daftari kwa Injinia Tarqui. Aliisoma barua, akageuza nyuma kuangalia kama kuna kitu, akaisoma tena, kisha akawatazama wote wawili juu ya miwani.

"Ninyi mmepanga nini?"

"Kilichoandikwa," wakasema.

"Hamna jingine?"

"Saini, Injinia," alisema doña Eduviges. "Taratibu."

Baraza lilichukua mpaka mwezi wa tano. Barua iliporudi ilikuwa na mhuri mkavu, wa kubonyezwa bila wino, na sahihi mbili, nayo ilisema: Eduviges Colque, mtunza kadi wa ndaki mpaka siku ya kustaafu kwake, na baada yake Nemesia Ayaviri, ambaye kwa sasa atatunza ramani. Wakatoa nakala nne. Kila mmoja akachukua mbili, moja ya ofisini na moja ya nyumbani.

Asubuhi ya kwanza Nemesia akahamishia birika lake na shali yake chumba cha ramani, ng'ambo ya korido. Akafagia, akapiga chafya, akaweka meza yake katikati, ikitazama nje. Saa nne doña Eduviges akainua macho kutoka kwenye droo akamwona amekaa pale, mlango wazi, mikono juu ya tumbo, anamtazama yeye.

"Mbona hufungi? Upepo unaingia."

"Nakuangalia."

"Unaniangalia nini?"

"Usije ukafa kabla ya siku yako," Nemesia akasema. "Nikikipata kiti mapema, Jiolojia yote itasema nimekuloga."

"Na nikikaa zaidi ya siku yangu?"

"Ndiyo maana naangalia."

"Unahesabu?"

"Kila asubuhi. Leo zimebaki mia saba na kumi na tatu."

"Mia saba na kumi na mbili," alisema doña Eduviges. "Umehesabu leo, na leo imeshaanza."

Kicheko cha Nemesia kilivuka korido na kugonga makabati. Doña Eduviges alicheka pia, kidogo, kwa pua. Kisha akainuka, akakisogeza kiti chake upande, shubiri mbili hivi, mpaka na yeye akauona vizuri mlango wa chumba cha ramani, na meza, na aliyekaa nyuma yake.